Ndoo, Mwanangu

MWANAHAMISI: Asalaam alaykum wasikizaji, ni sisi. Leo tuliahidi mambo matatu ya kumfaa anayekwenda kusoma ng'ambo.

SALIM: Nimeyaandika, karatasi hii hapa.

MWANAHAMISI: Ngoja kwanza nikupe ya nyumbani. Yule binti wa Kijerumani aliyekuja kusoma Kiswahili, si akaa kwa mama, Mji wa Kale?

SALIM: Chumba cha juu.

MWANAHAMISI: Huyo. Jumanne mama yuwakaanga mahamri, ataka binti aonje la moto. Amwita: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Kimya. Mara twasikia ndara kwenye ngazi. Aingia jikoni na ile ndoo ya buluu, imejaa, ameikumbatia, dera lote limerowa.

SALIM: Ndoo ya maji!

MWANAHAMISI: Na maji yenyewe ya mkokoteni, ya kununua. Mama amwambia, "La, weka chini, ndoo!" Akaiweka. Akasimama pale pale.

SALIM: Ashaileta, afanye nini tena!

MWANAHAMISI: Tumecheka mpaka mahamri yakaungua. Naye alipoelewa akacheka kutushinda.

SALIM: Wasikizaji wa bara, kwetu Mvita, yaani Mombasa, njoo ni ndoo. Njia ni ndia, mchele ni mtele. Lakini Mwana, mimi kwa hili nasema mgeni aanze na Kiswahili sanifu.

MWANAHAMISI: Kwa nini?

SALIM: Nilipokuwa nasoma Munich, darasani mkate ule mdogo wa asubuhi tuliambiwa ni Brötchen. Nikaenda dukani, muuzaji asema Semmel. Nilisimama pale na foleni nyuma yangu, sijui nimekosea lugha au duka. Lakini mihadhara, mitihani, fomu za chumba, vyote vilikuwa kwa Kijerumani sanifu. Hicho ndicho kilichonibeba.

MWANAHAMISI: Na njaa ya asubuhi nani alikuondolea? Si yule wa Semmel?

SALIM: Huyu binti ana mtihani. Kesho ataenda Dodoma, ataenda Kisumu. Aseme "mtele" Kisumu?

MWANAHAMISI: Aseme! Ataulizwa, atajibu nimesomea Mvita. Salim, mama yangu hakosei akisema ndoo. Kile kikao cha 1928 kilichochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa sanifu kilikaa wapi?

SALIM: Hapa Mombasa.

MWANAHAMISI: Hapa hapa! Wakaja kwetu, wakachagua cha jirani. Na Krapf yule mmisionari, Mjerumani vilevile, alipofika 1844 alijifunza kwa nani? Kamusi yake ya 1882 imejaa maneno ya Mvita.

SALIM: Sikatai. Lakini vitabu vya shule vingechapwa kwa lahaja ngapi? Ilibidi ichaguliwe moja. Wewe hapa wazungumza na mtu wa Mwanza akakuelewa kwa sababu hiyo.

MWANAHAMISI: Na mtoto wa Mvita aandikiwa "kosa" shuleni kwa neno la bibi yake kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nimeandikiwa. Kalamu nyekundu, juu ya "mato", yaani macho.

SALIM: Hilo ni kosa la mwalimu, si la sanifu.

MWANAHAMISI: Mwalimu aliipata wapi ile kalamu?

SALIM: Hapana, hapo sikufuati.

MWANAHAMISI: Basi usinifuate.

SALIM: Haya. Zimebaki dakika mbili, na karatasi yangu haijaguswa.

MWANAHAMISI: Soma la kwanza.

SALIM: "Usione haya kuuliza neno..." Aa, haliingii hata hilo moja. Tutayarudia wiki ijayo, inshallah. Niambie tu, binti ameitwa tena?

MWANAHAMISI: Leo asubuhi. Mama amesema "ndoo", akashuka mikono mitupu.

SALIM: Mashallah.

MWANAHAMISI: Kisha akauliza, "Nije mimi, au niilete?"

SALIM: Unaona? Bado amechanganyikiwa.

MWANAHAMISI: Amechanganyikiwa wapi? Ana maneno mawili pale ambapo wewe wataka awe na moja.

SALIM: Mwana...

MWANAHAMISI: Muda, Salim. Wasikizaji, kwaherini.