Utani Usio na Mtani

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wageni wote mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie vichekesho vya kompyuta. Nimekubali bila kusita, kwa sababu naamini kwamba watu wengi huyajua mambo ya teknolojia kwa njia ya vichekesho kabla hawajayajua kwa njia nyingine yoyote, na wengine hawayajui kwa njia nyingine kamwe. Swali langu ni moja: mzaha unaposikika na mtu asiyeweza kuupima, unageuka kuwa nini?

Nianze na Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza programu ya kulinda kompyuta dhidi ya wavamizi, ilisambaza faili moja dogo la sasisho kwa wateja wake duniani kote. Faili hilo liliondolewa baada ya dakika 78 tu, lakini kwa hesabu iliyotolewa na Microsoft, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye mfumo wa Windows zilikuwa zimekwisha kuanguka. Kila ilipojaribu kuwaka, kompyuta ilirudi kwenye skrini ya buluu ya hitilafu. Hospitali ziliahirisha matibabu, viwanja vya ndege vilijaa watu waliolala sakafuni, na shirika la ndege la Delta peke yake likafuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano.

Vichekesho vilifika kabla ya maelezo. Mzaha mmoja ulidai kwamba shirika la ndege la Southwest, la Marekani pia, limesalimika kwa sababu bado linatumia Windows 3.1, mfumo wa mwaka 1992. Aliyeuandika alikuwa anatania. Hata hivyo, baada ya muda mfupi maneno yale yalikuwa yamekwisha kuandikwa na vyombo kadhaa vya habari kama taarifa ya kweli, na wako watu wanaoyasimulia mpaka leo kwa uhakika kabisa.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu njia uliyopita mzaha huu ina mafunzo mengi kwetu sisi tunaofundisha lugha. Desemba 2022 Southwest lilipatwa na mkwamo mkubwa, likafuta safari zaidi ya 16,000, na mifumo yake mikongwe ya kupanga ratiba za wafanyakazi ikalaumiwa sana. Wakati huo gazeti moja la Texas liliandika kwamba baadhi ya programu za shirika hilo zilionekana kana kwamba zilibuniwa enzi za Windows 95. Hiyo ni tashbihi. Msemaji alikuwa anaeleza sura ya programu, hakuwa anataja mfumo unaoiendesha. Lakini mwaka 2024, watu walipotafuta ushahidi wa ule mzaha, waliikuta tashbihi ile, wakaondoa neno "kana kwamba", na yaliyobaki wakayafanya chanzo. Neno moja la kiunganishi lilipodondoka, mfano ukawa habari.

Ukweli wenyewe hauhitaji utaalamu mkubwa. Faili lile liliziangusha kompyuta za Windows zilizokuwa na programu ya CrowdStrike. Ambaye hakuwa na programu hiyo hakuguswa, iwe Windows yake ni ya jana au ya miaka mingi iliyopita. Ukongwe haukumkinga mtu.

Sasa niingie nyumbani kwetu. Sisi tuna elimu ya mzaha ambayo watu wengi wa dunia hawana, nayo ni utani. Mngoni humtania Mhehe, Mchaga humtania Mpare, na mtani huweza kufika msibani akamwigiza marehemu mbele ya wafiwa bila mtu kukasirika. Maneno yake yanaweza kuwa makali mno, hata ya uongo wa wazi, lakini hayamdanganyi mtu, kwa kuwa kila aliyepo anamjua anayesema, anamjua anayeambiwa, na anazijua vita na jamala za kale zilizowaunganisha. Utani una mipaka inayolindwa na watu wenyewe. Mgeni asiye mtani akiyasema maneno yaleyale hukanywa palepale, na kwa haki.

Mzaha wa kompyuta husafiri bila mtani. Fundi anapomtania fundi mwenzake kuhusu Windows 3.1, wote wawili wanajua kwamba mfumo ule haungeweza kubeba kazi za shirika kubwa la ndege la leo, na kicheko chao kinatokana na ujuzi huo. Maneno hayohayo yakimfikia karani wa benki au mhariri aliyechoka usiku, ule ujuzi haukuja nayo. Simlaumu karani wala mhariri. Ninachosema ni kwamba kilichowafikia ni nusu ya mzaha, na nusu ya mzaha ni uongo.

Jambo hili si la leo. Septemba 1947, wahandisi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi moja ya mashine. Walimbandika kwenye daftari la kazi na kuandika pembeni kwamba hiyo ni mara ya kwanza mdudu kupatikana kweli. Ule ulikuwa mzaha mzuri sana, kwa sababu mafundi wanaozungumza Kiingereza walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" (bug) kwa miongo mingi. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua yake ya mwaka 1878. Grace Hopper, mwanahisabati aliyefanya kazi na kundi lile, aliipenda habari hiyo na kuisimulia kwa miaka mingi. Matokeo yake ni kwamba leo vitabu na walimu wengi hufundisha kuwa neno lilizaliwa siku ile, na kuwa Hopper ndiye aliyemkuta nondo. Daftari bado lipo katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na kinachofanya maandishi yale yachekeshe ni lile neno "kweli", ambalo wasimuliaji wengi wameliacha njiani.

Uko pia mzaha uliogeuka kuwa kweli. Mafundi wa kompyuta wamechoka kutaniwa kwamba dawa yao ni moja tu, kuzima na kuwasha. Katika mkasa ule wa Julai, Microsoft iliwaambia baadhi ya wateja wake wawashe upya mashine zao pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, mara nyingi, kwa kuwa wengine walifanikiwa baada ya kufikia mara 15.

Na kiini cha mkasa wenyewe kilikuwa nini? CrowdStrike ilieleza baadaye kwamba sehemu moja ya programu yake ilitarajia kupewa thamani 21, yaani vipande 21 vya taarifa, lakini sehemu iliyotoa thamani hizo ilitoa 20. Faili jipya lilipoitafuta ile ya 21, programu ikaenda kusoma mahali pasipo pake katika kumbukumbu ya kompyuta, na kwa kuwa inafanya kazi katika kina cha mfumo, Windows yote ikaanguka. Zaidi ya hayo, faili lilitumwa kwa wote kwa mpigo mmoja, bila kulijaribu kwa wachache kwanza. Kampuni ikaahidi kwamba tangu hapo masasisho ya aina hiyo yatatolewa kwa awamu, na wateja watakuwa na uwezo wa kuchagua lini wayapokee.

Maelezo haya mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuyaelewa kwa Kiswahili, kama mlivyoyaelewa ninyi sasa hivi. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wanakumbuka nini kuhusu siku ile. Darasa zima lilikumbuka Windows 3.1. Hakuna aliyekuwa amesikia habari ya ile thamani moja iliyokosekana.