Jinsi ya kuendesha sintesaiza ya besi kwa volti na geti

Karibuni. Leo MIDI, ile lugha ya kidijitali ya kuunganisha ala, tunaiweka kando. Hapa mezani nina sintesaiza ya besi ya analogi na sikwensa ndogo, yaani kifaa cha kupanga na kupiga noti hatua kwa hatua, na kati yao waya mbili tu. Mmoja unapeleka volti ya noti, yaani osileta, chanzo cha sauti ndani ya sintesaiza, ipige noti gani. Wa pili unapeleka geti: anza sasa, acha sasa. Basi.

Kabla ya kuchomeka kitu, shusha sauti ya mikisa mpaka chini, kisha geuza mashine uangalie nyuma. Unatafuta matundu yaliyoandikwa CV IN na GATE IN. CV ni volti ya kudhibiti, hapa ndiyo ile ya noti; IN ni ya kuingiza. Hiyo IN isikupite. Roland TB-303, pamoja na umaarufu wake wote kwenye besi, ina matundu ya kutoa tu. Inaweza kuziendesha mashine nyingine, lakini yenyewe haiendeshwi kwa njia hii mpaka fundi aifungue. SH-101 ya 1982, ya kampuni hiyohiyo, ina ya kuingiza na ya kutoa.

Sasa fungua mwongozo, kuna mambo mawili ya kuhakikisha. Kwanza, kipimo cha volti. Mashine nyingi zinafuata volti 1 kwa oktava, kwa hiyo nusu-toni moja ni kama volti 0.083. Korg MS-20 ya 1978 inatumia hezi kwa volti: kila oktava unayopanda, volti inazidishwa mara mbili, 1, 2, 4. Ukizichanganya hakuna kinachoungua, ila noti zitaachana ovyo na hakuna nobu ya kutyuni itakayokuokoa. Pili, aina ya geti. Ya kawaida inapanda kutoka 0 mpaka volti 5 au zaidi. Nyingine inaitwa S-trig, ambayo huwaka pale waya unapounganishwa na ardhi ya umeme (ground). Ukisikia besi inanguruma bila kukoma, halafu inanyamaza pale unapobonyeza, ujue geti zimepishana. Sikwensa kama Korg SQ-1 zinakuachia uchague.

Chomeka waya za mono, CV kwenye CV, geti kwenye geti. Washa, kisha iache ipate joto dakika 20 hivi. Osileta baridi huhama, na kuityuni sasa hivi ni kupoteza muda.

Tuendelee. Iambie sikwensa ipige noti ya chini kabisa, uirekebishe kwa nobu ya TUNE huku ukiangalia tyuna. Panda oktava mbili. Hapo juu usiguse TUNE. Rekebisha kipimo cha oktava, ambacho kwa kawaida ni skrubu ndogo au mpangilio ndani ya sikwensa. Rudi chini, utakuta noti imesogea kidogo. Irekebishe, panda tena. Rudia mpaka juu na chini zikubaliane.

Onyo kwa wanaotaka kugawa volti moja kwa sintesaiza mbili kwa kigawanyio cha kawaida. Tuseme tundu la kutoa lina ukinzani wa kiloomu 1 na la kuingiza kiloomu 100: unapoteza kama asilimia 1 ya volti, ambayo ni senti 12 kwa kila oktava (senti 100 ni nusu-toni moja). Ongeza mashine ya pili, hasara inakaribia maradufu, na tyuni yako yote imeharibika. Tumia kigawanyio chenye bafa, saketi inayozuia volti isipungue. Geti haina shida hiyo, igawe tu.

Sasa utamu wenyewe. Watu wanahangaika na noti, wakati mdundo wa besi uko kwenye geti. Sikiliza: hatua 16, noti ileile moja, geti fupi. Inadonoa. Narefusha geti mpaka nusu ya hatua... sasa inatembea. Tazama hatua ya 7. Naiacha geti wazi mpaka iingie hatua ya 8, na wakati huohuo volti inateleza taratibu kwenda noti mpya. Umesikia? Envelopu, inayopanga sauti ipande na kushuka vipi kila noti, haikuanza upya, kwa hiyo filta, inayochuja sauti, haikubweka mara ya pili. Noti imejivuta tu. Sasa nakata geti hapo katikati, utelezi ni uleule. Inabweka. Mimi naweka moja au mbili za kujivuta kwa kila mzunguko. Zikizidi, besi inalegea.

Mwisho, kama mashine yako ina tundu la CV ya filta, peleka huko LFO, osileta ya polepole ya kuyumbisha sauti, lakini ipitishe kwanza kwenye kipunguza volti. Anza kwenye sifuri, fungua kidogokidogo. Besi ikianza kukonda kila filta inapofunguka, rezonansi, yaani mkazo wa filta pale inapokata, imezidi: ipunguze hiyo kwanza, LFO iache ilivyo.