Kabla ya Chuma Kuwaka: Nyimbo za Majonzi za Judas Priest

SHABAN: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Mimi ni Shaban, niko na dada Rehema, na leo hatuna mgeni. Tumejifungia wawili tu kwa sababu mada yenyewe inataka utulivu: nyimbo za majonzi za bendi ya metali ya Uingereza. Judas Priest.

REHEMA: Si ile Judas Priest ya nguo za ngozi na pikipiki inayopanda jukwaani. Hiyo tunaipenda, ina siku yake. Leo ni ile ya mwanzo, 1974 mpaka 1978, mwimbaji wake Rob Halford bado ana nywele za kufika mabegani na anaimba upweke kama mtu anayekaa nao nyumba moja.

SHABAN: Rocka Rolla, Sad Wings of Destiny, Sin After Sin, Stained Class, halafu Killing Machine. Albamu tano, na kila moja ina walau wimbo mmoja wa kukukalisha chini.

REHEMA: Wewe ulikalishwa na upi?

SHABAN: Dreamer Deceiver, wa Sad Wings of Destiny, na siku ile siisahau. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo, kwa babu yangu Tabora. Binamu alikuja na kaseti iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, "metali kali". Umeme hakuna. Tukaanika betri juani mchana kutwa, jioni tukazitia kwenye redio. Mimi nasubiri kelele, nimeshajiandaa kabisa. Kikatoka kitu gani? Gitaa kavu, taratibu, na mtu anaimba kwa sauti nzito ya chini, kama anakuhadithia jambo usiku.

REHEMA: Na unadhani hiyo ndiyo sauti yake.

SHABAN: Nikadhani hiyo ndiyo sauti yake yote! Wimbo ukafika katikati, akapanda. Hakupanda kidogokidogo, alihama kabisa, akaenda kusimama juu kabisa ya ile tuni, mahali ambapo ungedhani ni mwanamke anaimba. Nilimtazama binamu, naye kanitazama. Hatukusema kitu.

REHEMA: Pale ndipo penyewe. Watu wengi wanamsifu Halford kwa ukelele wake, na ni haki yake. Lakini ukelele wa wimbo huu una uzito kwa sababu amekuweka chini muda mrefu. Amekuonyesha mtu anayeelea chini ya mti, anakuita umfuate, kuzuri kule. Unamfuata. Kisha mpiga gitaa Glenn Tipton anaingia na solo, na ile solo haina haraka hata chembe. Sauti ya Halford ikirudi mwishoni haina tena maneno, ni kilio kitupu.

SHABAN: Sasa sikia. Kaseti ile iliishia hapohapo, upande umekwisha. Kwa miaka mingi mimi nilijua wimbo ni huo, umemalizika kwa kilio. Nilipokuja kuipata albamu yenyewe nikagundua unaunganishwa moja kwa moja na Deceiver, dakika mbili na ushee za mbio tupu. Nikasema, kumbe! Ni kama rumba yetu. Waimbaji wanakubembeleza kwanza, wanakueleza masaibu yao, halafu ndiyo sebene linafunguka. Sebene bila yale mashairi ya mwanzo halina maana ileile.

REHEMA: Umenifurahisha hapo, kaka. Maana wapo wanaozichukulia nyimbo hizi za polepole kama mapumziko, kwamba bendi imechoka, inapumua kidogo kabla ya kurudi kazini. Mimi nakataa. Kwa Priest wa miaka ile, huzuni ndiyo tanuri lenyewe. Chuma, yaani metali yenyewe, kinawaka kule.

SHABAN: Na bendi yenyewe ilikuwa na hali gani? Tuwaambie watu.

REHEMA: Hali ngumu. Hawa ni watoto wa Birmingham na miji ya jirani, West Bromwich, Walsall, nchi ya viwanda vya chuma. Halford amesimulia jinsi vishindo vya kiwanda vilivyokuwa vikitikisa madawati shuleni kwao. Wakapata mkataba na lebo ndogo ya muziki, Gull, na fedha haikuwepo. Wakati wa kuandaa Sad Wings of Destiny walikuwa wanakula mlo mmoja kwa siku. Tipton anafanya kazi ya bustani, mpiga gitaa mwenzake K.K. Downing yuko kiwandani, Ian Hill wa besi anaendesha gari la kusambaza mizigo. Mwishoni mwa 1975 wakaingia studio ya Rockfield, kule Wales, albamu ikatoka 1976. Hata jalada lake linasema hivyo: malaika aliyeanguka, ameinamisha kichwa, moto umemzunguka.

SHABAN: Na Dreamer Deceiver walikuwa wameshaipiga kwenye televisheni ya BBC kabla ya kuirekodi, kwenye Old Grey Whistle Test, 1975. Ile picha ipo, itafuteni. Hakuna ngozi, hakuna vyuma. Ni vijana wenye nywele ndefu, na huyu bwana mdogo anasimama karibu bila kutikisika, anaimba.

REHEMA: Baada ya Sad Wings wakahamia CBS, lebo kubwa, wakapewa Roger Glover wa bendi ya Deep Purple awe mtayarishaji, na mpiga ngoma wa kukodi, Simon Phillips, kijana wa miaka ishirini hivi. Ndiyo Sin After Sin, 1977. Humo kuna Last Rose of Summer, ambayo nakiri imenichukua muda kuizoea.

SHABAN: Mimi hadi leo naiona laini mno.

REHEMA: Isikilize asubuhi, si usiku. Lakini wimbo wangu humo ni Here Come the Tears. Mtu anaeleza kwamba yuko peke yake, hana anayempenda, na machozi yanakuja. Basi, hakuna fumbo. Unaanza kwa unyonge, unajaa, unajaa, mpaka Halford anapiga kelele za mtu aliyeelemewa, na hapohapo inaingia Dissident Aggressor, mojawapo ya nyimbo nzito kuliko zote walizowahi kupiga. Unaona? Tena ule mpango uleule, majonzi yanafungua mlango, chuma kinapita.

SHABAN: Na ukijua maisha yake...

REHEMA: Ukijua maisha yake unausikia upya. Halford alikuja kusema hadharani kuwa yeye ni shoga mwaka 1998, kwenye MTV. Miaka zaidi ya ishirini alilibeba jambo hilo kimya, mbele ya maelfu ya watu, akiogopa kuiharibia bendi. Kwenye kitabu cha maisha yake, Confess, ameeleza upweke wa miaka ile, na jinsi pombe ilivyomfikisha pabaya mpaka alipoiacha mwaka 1986. Sasa rudi 1977, msikilize kijana anayesema hana mtu. Mimi nilipousikia baada ya kujua hayo, nilizima nikakaa.

SHABAN: Humohumo kuna Diamonds & Rust, wimbo wa mwanamuziki Joan Baez. Wao waliukaza, wakautia mwendo wa farasi, lakini yale majuto hayakutoka. Kuna kisa Halford hukisimulia, cha tamasha la Live Aid pale Philadelphia, 1985. Anamwona Joan Baez anakuja moja kwa moja upande wake. Moyo ukamwenda mbio, akajua leo nalaumiwa. Kumbe mama wa watu amekuja kumwambia kwamba mwanawe anapenda zaidi toleo lao kuliko lake.

REHEMA: Na baadaye, kwenye ziara yao ya Epitaph, 2011 na 2012, walikuwa wanauanza kwa gitaa kavu, taratibu, umati unaimba nao, halafu ndiyo wanaubadilisha uwe wa umeme. Waliurudisha ulikotoka kwanza, ndipo wakauondoa.

SHABAN: Haya, sasa tuingie pale. Stained Class, 1978.

REHEMA: Beyond the Realms of Death. Ngoja nivute pumzi.

SHABAN: Mimi nianze na Les Binks, kwa sababu watu wanamsahau. Alikuwa mpiga ngoma wao. Tena alikuwa mtumia mkono wa kushoto. Siku moja akachukua gitaa la mtu wa mkono wa kulia, akaligeuza juu chini, akaanza kuchezea nyuzi. Wenzake wakamuuliza, hicho ni nini? Kile alichokuwa anachezea ndicho kipande cha mwanzo cha wimbo huu. Mpiga ngoma, gitaa limepinduliwa! Wimbo una majina mawili ya waandishi, Halford na Binks.

REHEMA: Na unajenga vipi? Beti laini, mtu amejifungia ndani ya nafsi yake, haongei, hajibu, watu wanajaribu kumfikia hawamfikii. Halafu kiitikio kinaanguka kama ukuta. Kisha kimya tena, ile gitaa ya kwanza inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu aliyewahi kuuguza ndugu mwenye sonona anaujua mwendo huo. Kimya, dhoruba, kimya.

SHABAN: Na solo ya kwanza, ya Tipton.

REHEMA: Hiyo ningeweza kuiimba yote kwa mdomo, sauti baada ya sauti. Ndiyo maana naipenda, inaimbika. Anapanda, anasita, anarudi nyuma hatua moja, anapanda tena. Ile kusita ndiko kunakonimaliza. Downing anakuja baadaye na solo yake yenye hasira, na zote mbili zinahitajika.

SHABAN: Albamu hiyo iliwapeleka mahakamani, Reno, Marekani, 1990. Walidaiwa kwamba wimbo mwingine humo umeficha ujumbe wa kuwachochea vijana wajiue. Jaji aliitupa kesi.

REHEMA: Na mimi kama msikilizaji nasema hivi kwa moyo wangu wote: Beyond the Realms of Death ulinikuta katika kipindi kigumu, na haukunisukuma popote. Ulikaa nami. Nilihisi kuna mtu amefika nilipo, amepaeleza sawasawa, na bado ana nguvu ya kupiga kelele. Kama kuna anayetusikiliza na mzigo huo, zungumza na mtu wako wa karibu leo, usingoje.

SHABAN: Asante kwa kulisema, dada. Baada ya hapo kuna Before the Dawn, wa Killing Machine, mwishoni mwa 1978, fupi, nzuri. Halafu 1980 ikaja albamu ya British Steel na uzi ukakatika. Nyimbo zikafupishwa, zikakazwa, zikaenda redioni. Sina ugomvi na British Steel.

REHEMA: Hakuna mwenye ugomvi nayo. Ila huzuni ile ndefu ilibaki nyuma. Tufunge na upi?

SHABAN: Epitaph. Wa Sad Wings. Dakika tatu tu, piano na sauti za Halford zilizopangwa juu ya zenyewe. Hakuna solo, hakuna besi, hakuna ngoma.

REHEMA: Zile sauti zilizorundikwa zinanikumbusha bendi ya Queen. Yule Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja alikuwa anafanya hivyohivyo miaka hiyo.

SHABAN: Ni wimbo wa mzee aliyebaki peke yake, umri umekwenda, dunia imempita. Ulikuwemo kwenye kaseti ile. Babu yangu alikuwa fundi wa reli, amestaafu, kila jioni anakaa kwenye benchi nje, uso kuelekea stesheni. Kiingereza hakujua hata neno. Wimbo ulipoanza tulitaka kuupitisha ili kuokoa betri. Akanyoosha mkono, akasema acheni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyu kijana amefiwa na nani?"

REHEMA: Mkamjibu nini?

SHABAN: Binamu alimwambia, anamwimbia mzee mmoja. Babu akasema, "Rudisheni." Tukairudisha kwa kalamu, tukiizungusha kwa mkono ili betri zisiishe, na akaisikiliza tena.