Leja ni ya nani? Blokucheni viwandani

Habari za mchana, wanaugavi. Nimepewa mada ndefu kuhusu yanayofanya viwanda viipokee au viikatae blokucheni, yaani leja (daftari) ya kidijitali inayotunzwa na wengi kwa pamoja. Mimi naanza na mambo mawili: nani anaamuru, na leja ni ya nani.

Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia shehena ya bidhaa za baridi kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya. Ilikuta shehena imepitia watu na taasisi karibu 30, na mawasiliano zaidi ya 200. Nani asingetaka dawa ya makaratasi hayo? Mwaka 2018 Maersk na kampuni ya teknolojia ya IBM wakaleta TradeLens, jukwaa la blokucheni la taarifa za shehena. Lakini hebu jiweke kwenye viatu vya mshindani wa Maersk: utaweka taarifa za wateja wako kwenye leja ambayo mpinzani wako ana mkono ndani yake? Mwanzoni wengi walisita, baadaye baadhi wakajiunga. Novemba 2022 ikatangazwa kwamba TradeLens inafungwa.

Sasa twende Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inakotoka zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, ile ya betri za magari ya umeme. Mchimbaji mdogo hushuka shimoni na kamba na sururu. Gunia lake hufika kwa mnunuzi, hupimwa, kisha humwagwa juu ya mengine. Likishamwagwa, nani atajua lipi lilitoka shimo gani? Mwaka 2019 Ford wa magari, IBM, LG Chem wa betri na Huayou wa kobalti walitangaza jaribio la kufuatilia kobalti kutoka Kongo hadi kiwanda cha betri Korea Kusini. Walianza na mgodi upi? Mgodi wa viwandani wa Huayou wenyewe. Ndiyo rahisi. Blokucheni inazuia kufuta kilichoandikwa. Haimzuii karani kuandika uongo pale kwenye mizani. (Wauza programu nikiwaambia hili, hukohoa.)

Hata hivyo amri inakuja. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali kuanzia Februari 2027. Haimlazimishi mtu kutumia blokucheni, lakini muuzaji asiyeweza kueleza bidhaa yake ilitoka wapi atakuwa na kazi. Kwa uzoefu wangu amri ya mnunuzi mkubwa husogeza watu kuliko semina kumi.

Linabaki la gharama: simu, lebo na mtandao wa pale kwenye mizani, nani analipa? Dada wa mstari wa nyuma ameinua mkono tangu zamani. Karibu.