Jina la Kumi na Mbili

Mhadhara kwa walimu wa michezo na makocha wa kikapu, Mtwara. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo, walimu. Sitazunguka sana, maana harufu ya vitumbua imeshaingia humu ukumbini na najua nashindana na nani.

Nimeombwa nizungumzie jinsi timu ya taifa ya kikapu inavyojengwa na wachezaji wake wanavyoteuliwa. Pale mlangoni mwalimu mmoja kanichokoza: "Mzee, timu ya taifa iko Dar. Sisi wa huku korosho zinatutosha, inatuhusu nini?" Inakuhusu, mwalimu. Anayechagua watoto kumi na wawili wa mkoa kwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anafanya kazi ileile anayoifanya kocha wa Marekani. Tofauti ni nauli tu. (Kicheko.)

Chukueni karatasi. Andikeni moja mpaka kumi na mbili, kisha jazeni majina ya timu ya mkoa wako kama ungeambiwa inasafiri kesho. Dakika mbili.

Haya, inatosha. Nilikuwa napita katikati yenu nachungulia. Watano wa kwanza mmewaandika bila kunyanyua kalamu. Wa sita na wa saba mmesita kidogo. Kuanzia wa nane nimeona watu wanatafuna kalamu, na mama mmoja pale nyuma kaandika jina, kafuta, kaandika tena lilelile. Basi mimi nimekuja kuzungumzia hapo kwenye kifutio. Watano wa kwanza hata kijana anayeuza maji uwanjani anawajua. Kocha analipwa, kama analipwa, kwa ajili ya wale wa chini.

Tupige hesabu. Mechi ya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni robo nne za dakika kumi, yaani dakika 40. Uwanjani wako watano. Tano mara arobaini ni 200. Hizo dakika 200 ndizo unga wako, na wenye njaa ni kumi na wawili. Wape watano wa kwanza dakika 28 kila mmoja: 140 zimekwenda. Zimebaki 60. Wape watatu wanaofuata 16 kila mmoja, hizo ni 48. Zimebaki 12, na watu bado ni wanne. Dakika tatutatu. Na siku nyingine sifuri.

Sasa mtu ambaye kwao ni nyota, anayefunga pointi ishirini kila Jumamosi, umemfungia safari ya wiki mbili ili acheze dakika tatu. Atakaaje benchi? Atalala saa ngapi? Atamwambia nini mwenzake anayecheza dakika 28 na leo mkono umemgomea? Hilo swali halijibiwi kwa kutazama pointi zake.

Nina mfano mkubwa, Athens, mwaka 2004. Tangu kikapu cha wanaume kiingie Olimpiki mwaka 1936, Marekani walikuwa wamefungwa mechi mbili tu, moja 1972 na nyingine 1988. Athens peke yake walifungwa tatu. Ya kwanza Puerto Rico, 92 kwa 73. Ile mechi mimi naisomesha kwa namba moja tu: Marekani walirusha mitupo ya pointi tatu 24, ikaingia mitatu. Puerto Rico walijaa ndani kwenye zoni, yaani kila mmoja analinda eneo badala ya mtu, wakamzingira Tim Duncan, mrefu wa Marekani, wakasema rusheni. Na kweli wakarusha.

Walikuwa na nani? Duncan, Allen Iverson, na vijana watatu waliokuwa wametoka kumaliza msimu wao wa kwanza wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani: LeBron James, miaka 19, Carmelo Anthony, 20, na Dwyane Wade, 22. Leo ukiyasoma majina hayo unasema hii timu ilifungwaje? Ilifungwa kwa sababu wengi walioitwa kabla yao walikataa, kikosi kikajazwa kwa aliyepatikana, wakakaa pamoja wiki chache, na mrushaji wa mbali wa kuivunja zoni hakuwepo wa kutosha. Nusu fainali wakakutana na Argentina ya Manu Ginobili na Luis Scola, watu waliokuwa wamecheza pamoja miaka. Wakafungwa 89 kwa 81. Argentina wakabeba dhahabu.

Hapa nataka niwarudishe nyumbani. Wote humu mmeshakaa kwenye mkeka mkichambua korosho kabla ya kupeleka chama cha msingi. Unachota kwa mkono, unatawanya, iliyonyauka pembeni, yenye doa pembeni, nzuri zote huku. Mkono unajua wenyewe, wala huhitaji kutazama. Mwisho una gunia la daraja la kwanza, na ndani yake korosho ya juu na ya chini zinafanana. Mnunuzi anafurahi hasa kwa sababu zinafanana.

Walimu wengi wa michezo wanachagua timu kwa mkono wa korosho. Daraja la kwanza huku, daraja la pili kule, gunia likijaa kumi na wawili, funga. Sasa timu yenye wafungaji kumi na wawili ni gunia zuri sana. Lakini mpira ni mmoja! Nani ataweka skrini, asimame kama ukuta mwenzake apite? Nani atamziba senta wa wenzetu, yule mrefu wa chini ya goli, kwa mgongo ili mwingine adake ribaundi, mpira uliokosa kuingia? Nani atapiga kelele "kushoto, kushoto" wakati wote wamechoka? Kwenye mkeka, huyo ungemtupa pembeni.

Marekani wenyewe walijifunza, tena kwa aibu. Mwaka 2005 wakamkabidhi Jerry Colangelo timu yote, na ukocha akapewa Mike Krzyzewski. Jambo la kwanza Colangelo alilotaka kwa mchezaji ni ahadi ya miaka mitatu. Hutaki, asante, kwaheri. Na bado, 2006 kwenye mashindano ya dunia kule Japani wakafungwa na Ugiriki nusu fainali, 101 kwa 95. Sisi hapa tungefukuza kila mtu siku ileile, na mpishi. (Kicheko.) Wao hawakufukuza. Mwaka uliofuata wakamwongeza Jason Kidd, mtu mzima ambaye kurusha kwake ilikuwa shughuli ya nadra, anayetaka kutoa pasi tu. Ukimpima kwa pointi, humchukui. Beijing 2008 walishinda fainali dhidi ya Hispania, 118 kwa 107, na Kidd yupo, mpira unapita.

Ujerumani nao. Kocha Gordon Herbert aliwataka wachezaji wake ahadi ya miaka kama hiyo. Mwaka 2022 wakapata shaba ya Ulaya, 2023 wakawa mabingwa wa dunia bila kufungwa hata mechi moja, na nusu fainali waliwatoa Marekani hao hao, 113 kwa 111. Mnaona hiyo tofauti ya pointi mbili? Miaka mitatu ya watu walewale inaweza kuwa na thamani ya pointi mbili. Ndizo zinazotosha.

Sasa langu, maana nisiwe mtu wa kuchambua ya Wamarekani tu.

Mwaka mmoja, sitautaja, nilikuwa na kikosi cha vijana wa sekondari. Kumi na moja nimeshaandika. La kumi na mbili nina vijana wawili. Mmoja anafunga, halafu anafunga kwa mbwembwe, uwanja mzima unasimama. Mwingine mrefu kidogo, mabega mapana, mikono ya mtoto wa mvuvi, kazi yake kuweka skrini na kusukumana chini ya goli. Pointi nne, pointi mbili, siku nyingine hana. Nilikaa na ile karatasi mpaka koroboi ikaanza kutoa moshi. Asubuhi nikamwandika mfungaji. Nilijua kabisa nafanya nini: nilikuwa naogopa maneno ya watu.

Mechi ya tatu, robo ya tatu haijaisha, senta wangu wa kwanza anapata faulo ya tano. Anatoka. Robo ya nne imeanza tu, wa pili naye, tano. Nikageuka benchi. Benchi yangu ilikuwa nzuri kuitazama: wafungaji wanne wamekaa kwa mstari, kila mmoja ananitazama kama mtoto anayengoja zawadi. Nikamwingiza yule wa mbwembwe. Alirusha mara tano, mbili zikaingia, na kila alipokosa, ribaundi ilikuwa yao. Tukafungwa kwa pointi nne. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "bahati haikuwa yetu" nanyamaza.

Mtaniuliza Tanzania inasimama wapi kwenye haya. Sisi tumewahi kutoa mtu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mita 2.21, mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi mzima wa NBA, akaenda Memphis. Wa pili duniani mwaka ule! Lakini mnara mmoja haujengi mji. Tazameni majirani zetu Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, ambayo wakati huo haikuwa hata na ukumbi wa ndani wa kuchezea. Luol Deng, mtoto wa Wau aliyekulia ukimbizini mpaka akafika NBA, akachukua uongozi wa shirikisho. Akawatafuta watoto wa wakimbizi wenzake walikotawanyika, Australia, Marekani na kwingineko. Ukocha akampa Royal Ivey. Na kwa kuwa FIBA inaruhusu mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya miaka 16, nafasi ile moja hawakumpa mtu mrefu wa kupendeza kwenye picha. Wakamchukua Carlik Jones, Mmarekani, gadi wa kushika mpira, kwa sababu warefu walikuwa nao tayari na aliyekosekana ni wa kuwagawia. Hapo ndipo nilipovua kofia. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, wakapata tiketi ya Olimpiki. Julai 2024 wakiwa London kwenye mechi ya kujipima, waliwaongoza Marekani kwa pointi 16 mapumziko, wakafungwa kwa pointi moja, 101 kwa 100. Paris wakawapiga Puerto Rico, 90 kwa 79. Puerto Rico wale wale.

Kwa hiyo ukirudi Newala, Masasi, Nanyumbu, siku ya mchujo fanya hivi. Usitazame mpira. Najua ni vigumu, macho yanaufuata wenyewe. Beba daftari, chagua mtoto mmoja, mtazame yeye tu dakika tano, awe na mpira asiwe nao. Hesabu ameweka skrini ngapi. Hesabu amegusa pasi ngapi za wapinzani. Halafu mtoe, bila sababu, akiwa anacheza vizuri, na hapo ndipo uandike kwa makini. Anakaa wapi? Anakaa karibu na kocha au mwisho wa benchi akivuta soksi? Wenzake wakifunga, anainuka? Mimi nilikuwa na alama yangu kwenye daftari, duara dogo, kwa mtoto aliyempelekea mwenzake maji bila kutumwa. Mkinicheka sawa. Wale wa duara ndio walionisaidia siku za mvua.

Na jambo jingine, mchanganye. Yule nyota mpange na wanne dhaifu kwa dakika kumi. Kuna mfungaji ambaye akiwekwa na dhaifu anawainua. Kuna mwingine anaanza kuwafokea. Huyo wa pili anaweza bado kuingia kikosini, sisemi asiingie, ila asiwe wa kumi na mbili. Aweza kuwa wa pili. Wa kumi na mbili hapana.

Nimeonyeshwa saa. Swali moja tu. Ndiyo, mama.

Mwalimu anauliza: yule wa kumi na tatu unamwambiaje?

Mama, umenishika pabaya. Yule kijana wa mabega, mimi sikumwambia. Nilibandika orodha kwenye ubao wa matangazo saa kumi na mbili asubuhi, nikaondoka kwenda kushughulikia basi. Niliporudi nilimkuta anapakia mipira kwenye nyavu, mipira yote kumi na nne, anakaza kamba. Akaniamkia. Akaniuliza kama pampu tumeshaiweka. Nilikuwa sijaiweka. Akaenda kuichukua stoo, akanipa mkononi, akasema, "Safari njema, mwalimu." Tangu siku ile sijabandika orodha kabla ya kuzungumza na kila mmoja aliyeachwa, ana kwa ana, tumesimama uwanjani, tena nikianza na wa kumi na tatu. Namwambia sababu moja, ya kweli, inayohusu kazi ya uwanjani. Simwambii "mwakani" kama sina uhakika na mwakani.

Haya, vitumbua. Baada ya chai tukutane nje, jua litakuwa limepoa. Kundi la kwanza lianze na goli la upande wa baharini. Lile jingine ringi yake imelegea, msidanki.