Vidung'ata wa mpapai: anza na maji kabla ya dawa

Karibuni. Leo tuko pwani ya Kenya, chini ya mpapai huu. Hebu sogea uone mgongoni mwa jani, kando ya mishipa. Huo weupe kama pamba ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea. Mminye mmoja: anatoa maji ya manjano. Asili yao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa Kenya waliripotiwa mwaka 2016, Mombasa.

Tunaanza kwa kukata. Majani yaliyojikunja na matunda yaliyofunikwa kabisa, yatie mfukoni papo hapo, kisha yachome au yafukie. Usiyaburute shambani; watoto wao ni wadogo mno, huchukuliwa na upepo, nguo, hata kisu chako.

Sasa leta mpira wa maji. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo yenye kazi. Piga maji kwa nguvu chini ya majani, halafu hapa vikonyo vya matunda vinaposhikana na shina, ndipo wanapojibana. Kidung'ata amejipaka nta, na mayai yake, mamia kwa mamia, yamo ndani ya pamba ile. Dawa ya juu juu inateleza tu.

Majani yakikauka, changanya sabuni ya maji: vijiko 8 vya chakula kwa bomba la lita 20. Jaribu kwanza majani mawili matatu hadi kesho yake, maana jani la mpapai huungua upesi. Nyunyiza jioni. Baada ya wiki rudia, mayai yaliyobaki yatakuwa yanaanguliwa.

Unawaona sisimizi hawa wanaopanda? Wanafuata utamu unaotoka kwa vidung'ata, ule ule unaoota ukungu mweusi kama masizi juu ya papai. Na wanawafukuza wadudu wanaokula vidung'ata. Zungushia shina utepe wa plastiki, paka grisi juu ya utepe, si kwenye gome.

Mtaniuliza, je, sumu kali? Mimi siishauri. Kuna nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya kidung'ata. India walimwingiza makusudi mwaka 2010, akafanya kazi kubwa. Sumu itamuua yeye. Ukimkuta kidung'ata mkavu, wa kahawia, ana kitundu, mwache hapo hapo, huyo ameshashughulikiwa.

Usisahau majirani: mihogo, biringanya, mapera. Mpera ule pale umeshaanza weupe, kwa hiyo tunavuta mpira na kuendelea.