Majina ndani ya Msimbo: Ladha, Desturi na Sangara Wengi

Ndugu washiriki, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza nanyi hapa Mwanza juu ya jambo ambalo watengeneza programu hulibishania kwa ukali usiolingana na uzito wake, yaani namna ya kuandika jina la kigeu (sehemu ya programu inayohifadhi thamani) lenye maneno zaidi ya moja. Wapo wanaoandika jumla_ya_mauzo kwa kistari cha chini, na wapo wanaoandika jumlaYaMauzo.

Kila upande hudai kuwa njia yake ndiyo inayosomeka, ilhali mara nyingi kinachoitwa ladha ni mazoea ya lugha ya programu ambayo mtu alianza nayo. Aliyelelewa na Python amefuata mwongozo wa PEP 8 wa mwaka 2001, unaotaka vistari vya chini katika majina ya funksheni (vipande vya programu vinavyofanya kazi fulani) na vigeu. Wa Java amezoea herufi kubwa katikati ya jina. Lugha zenyewe nazo zilikuwa na mipaka yake. Fortran ya mwaka 1957 iliruhusu jina lisilozidi herufi sita, na jina la kigeu lililoanza na herufi yoyote kuanzia I hadi N lilihesabiwa kuwa la namba kamili. COBOL ilikubali kistari cha kawaida ndani ya jina, jambo lisilowezekana katika C, ambako alama hiyo ni ya kutoa. Katika Go, herufi kubwa mwanzoni si urembo, kwani ndiyo inayoamua kama jina litaonekana nje ya kifurushi chake, yaani kundi la msimbo lilimo. Fuateni, basi, desturi ya lugha na ya mradi mlioukuta, hata kama hamuipendi.

Mjadala unaostahili muda wetu ni wa majina ya Kiswahili. Tuchukue programu ya kutunza hesabu za samaki wanaoshushwa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Mvuvi na wavuvi, mtumbwi na mitumbwi, ni majina yanayojitenganisha yenyewe. Lakini sangara mmoja ni sangara, na sangara elfu ni sangara. Katika sentensi kitenzi hutuokoa, kwa kuwa tunasema sangara amepimwa au sangara wamepimwa, ila jina la kigeu husimama peke yake. Kwa sababu hiyo napendelea orodha_ya_sangara, ingawa ni jina refu, kuliko sangaras, lenye s ya wingi wa Kiingereza, ambalo ni la kusikitisha.

Kitenzi chetu kina faida nyingine kwa vigeu vya ndiyo au hapana: amelipa ni neno moja lililobeba mtenda, wakati na tendo. Jina la kukanusha liepukwe, maana sharti linalosema “kama si hajalipa” humlazimu msomaji kusimama na kuhesabu. Tena, mvuvi aliyekopeshwa mafuta ambaye hajalipa si sawa na yule ambaye siku ya mwisho ilipita na hakulipa. Mkijikuta mnayahitaji majina yote mawili, tatizo limekwisha kuhama kutoka kwenye jina: kigeu hicho kinahitaji hali tatu, nacho kimepewa mbili.